Shangazi, mzee anachomea dhahabu jikoni na mimi niko na mimba

Shangazi, nakusalimu kutoka huku Busia upande wa Uganda. Sijui nianzie wapi, acha tu niandike vile inakuja. Niko na miaka 24, niko na msichana mmoja wa miaka 3 na saa hii niko na mimba ya miezi 4. Kazi yetu mimi na mzee wangu ni dhahabu. Yeye anaingia shimo na wenzake, mimi na wamama wengine tunaosha mchanga kwa karai, tunatia zebaki tunasugua na mikono mpaka ishike ile dhahabu, halafu tunakamua na kitambaa kinabaki kidonge keupe kama fedha. Hicho kidonge ndo mzee anakuja kuchoma jioni ili zebaki itoke dhahabu ibaki, na hapo ndo shida yangu imeanza, juu anachomea ndani kwa sigiri ileile napikia. Akichomea nje watu wataona leo tumepata na usalama huku si mzuri, wenzetu walishaingiliwa usiku. Na moshi wenyewe hata hauonekani sana Shangazi, unaona tu kitu inang'aa halafu inageuka rangi ya manjano.

Sasa wiki iliyopita mama mmoja wa VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji, alipita kwetu akaona tumbo langu na akaona karai, akaniambia hiyo zebaki inafika kwa mtoto tumboni na inaweza kuharibu ubongo wake. Kutoka hiyo siku sijalala vizuri. Nikamwambia mama mkwe, yeye akasema hayo ni maneno ya ofisi, yeye ameosha dhahabu na mimba sita na watoto wote wako, ati Mungu alimfungia mtoto kwa nyumba yake na kondo la nyuma linachuja, uchafu wa mama haufiki. Na mimi kusema ukweli sisikii ugonjwa wowote, kichwa hakiumi, sitetemeki, nakula vizuri. Lakini tuko na jirani ambaye pia anaosha, mtoto wake anakaribia miaka 2 hajakaa, hajasimama, shingo ndo inakaza sasa, na watu wanasema amerogwa.

Mzee nikimwambia anakasirika, anauliza tukiacha zebaki tutakula mchanga? Rafiki yangu mmoja naye akaniambia kama ni hivyo bora nitoe hii mimba nianze upya mtoto asije akateseka. Nimelia sana hiyo siku. Na kitu kingine, sijui kama ni muhimu, tangu mwezi wa pili wa mimba natamani sana emumbwa, ule udongo wa kula, nakula kila siku, wakati mwingine vipande vitatu, naambiwa inasaidia mimba.

Naomba uniambie ukweli. Inafika kwa mtoto ama haifiki? Imeshamharibu? Na akizaliwa nimnyonyeshe ama maziwa yangu pia ni sumu?

Mama wa Busia

JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu, inafika. Mama wa VHT amekwambia kweli na ningekuwa karibu ningemshukuru mwenyewe. Kwa hiyo kabla sijaeleza lolote, leo jioni hiyo dhahabu isichomewe ndani, na wewe usiwe karibu inapochomwa, na kuanzia kesho mikono yako isiingie tena kwenye karai yenye zebaki. Hata kama hutasoma zaidi ya hapa, hayo matatu yafanye.

Sasa tukae tuongee. Mama mkwe wako hajakosea sana anaposema kondo linachuja, na usibishane naye kwa ukali, manake hata madaktari wakubwa wa dunia waliamini hivyohivyo mpaka miaka ya 1950. Kondo kweli linazuia vitu vingi. Lakini wewe umekulia mpakani, unajua mpaka unavyofanya kazi. Kuna geti, kuna watu wa forodha, kuna lori zinasimamishwa, na bado kila mtu Busia anajua kuna njia za panya na kuna mtu anavuka na kitambulisho cha mwenzake. Kondo ni mpaka wa namna hiyo. Kazi yake si kufunga, kazi yake ni kupitisha, kwa sababu mtoto anahitaji hewa, sukari, chuma, kalsiamu na protini kutoka kwako kila dakika, na hizi sumu za metali zinapita kwenye milango ileile iliyowekwa kwa ajili ya chakula cha mtoto.

Ule mvuke wa zebaki ya kuchoma, huo ndo wa njia za panya. Hauna rangi, hauna harufu, kile unachokiona kinang'aa si chenyewe, wewe ukiwa jikoni unauvuta tu bila kujua. Katika kila sehemu 10 za mvuke unaovuta, karibu 8 zinabaki mwilini, unaingia kwa mapafu, unaingia kwa damu, na kwa kuwa unayeyuka kwenye mafuta unapenya kondo bila kuulizwa na unafika mpaka kwenye ubongo wa mtoto. Ukishafika ndani mwili unaubadilisha unakuwa zebaki ya aina nyingine ambayo haiwezi kurudi kirahisi ilikotoka, kwa hiyo inabaki upande wa mtoto. Hii pia ndo sababu utasikia watu wa mashimo wakisema fulani alimeza tone la zebaki na hakufa. Ni kweli, zebaki ya maji ikimezwa karibu yote inatoka choo, tumbo halilitaki. Watu wakaona hivyo wakasema haina shida. Shida ni pua, mwanangu, si mdomo. Na haingoji moto, hata ikiwa kwenye chupa iliyoachwa wazi chumbani inatoa mvuke kidogokidogo, moto unauzidisha tu. Kitambaa cha kufunga pua nacho hakizuii kitu.

Halafu kuna zebaki yenye kitambulisho cha mwenzake. Ile mnayomwaga kwa mchanga na maji ya kuoshea inateremka mtoni, kwenye tope vijidudu vinaigeuza inakuwa kitu kinaitwa methili-zebaki, inaingia kwa wadudu wa majini, samaki wadogo wanakula wale wadudu, samaki wakubwa wanakula wadogo, kila anayekula anakusanya zaidi. Ukimla huyo samaki mkubwa, hiyo methili-zebaki inajishika na kipande cha protini mwilini mwako mpaka inafanana kabisa na protini ambayo mtoto anaihitaji, na mlango wa kondo unaifungulia na kuivuta ndani. Inavutwa! Ndo maana damu ya kitovu cha mtoto kwa kawaida inakutwa na methili-zebaki nyingi kuliko damu ya mama yake, kama mara 1.7 hivi. Mama ana moja, mtoto ana karibu mbili. Yaani mwili wa mama unajipunguzia mzigo na anayebebeshwa ni huyo mdogo.

Kwa hiyo ukiniambia husikii ugonjwa wowote nafurahi kwa ajili yako, lakini hiyo haituambii kitu kuhusu mtoto. Nitakupa mfano wa mahali ambapo dunia ilijifunza jambo hili kwa machozi. Japani kuna mji unaitwa Minamata. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kinamwaga maji yenye methili-zebaki baharini, wavuvi na familia zao wakala samaki wa hapo miaka mingi, na mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa rasmi. Watu wazima walitetemeka, macho yakaharibika, wengine wakafa. Lakini kulikuwa na watoto wachanga ambao hawakuwahi kula samaki hata mmoja, wamezaliwa viungo vimekakamaa, hawakai, hawaongei, na mama zao wengi walikuwa wazima au wana ganzi kidogo tu mikononi. Madaktari wakasema haiwezi kuwa zebaki kwa sababu kondo linamlinda mtoto. Maneno ya mama mkwe wako kabisa. Mama mmoja mmoja walikuwa wanamwambia Daktari Masazumi Harada kwamba sumu mimi nimeila, mtoto wangu ameibeba. Ilikubaliwa rasmi mwaka 1962 tu kwamba wale watoto walipata sumu tumboni. Na ushahidi mmoja uliopatikana baadaye ulitoka kwa wazazi wenyewe, kwa sababu Wajapani wana desturi ya kukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukihifadhi kwenye kisanduku, kama Waganda wanavyotunza mulongo wa mtoto. Vile vitovu vikapimwa, zebaki ikakutwa humo. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki ulipewa jina la mji huo, ulianza kutumika 2017 na Uganda imo, na unasema wazi kwamba wajawazito na watoto walindwe kwenye machimbo madogo kama yenu, na kwamba kuchomea kidonge kwenye nyumba za kuishi kukomeshwe. Kwa hiyo hii si jambo la wewe kujidai, mwanangu. Limeandikwa kwa ajili yako.

Sasa lile linalokuliza usiku. Imeshamharibu? Hakuna mtu anayeweza kutazama tumbo lako akasema ndiyo, si VHT, si mimi, si huyo rafiki yako. Sumu ni suala la kiasi na muda. Watoto wengi waliopata kidogo wanazaliwa wazima kwa macho, pengine baadaye wanakuwa wazito kidogo kushika masomo, pengine hata hilo hamna. Kutoa mimba kwa sababu ya hofu hii, hapana, na usimruhusu mtu akupeleke kichochoroni ukapoteze maisha yako. Kuna hesabu nataka uifanye badala yake. Zebaki hii haikai mwilini milele, ukiacha kuivuta nusu yake inatoka kwa kama miezi 2. Wewe uko miezi 4. Ukiacha leo, ukifika miezi 6 imebaki nusu, ukifika miezi 8 imebaki robo, na ubongo wa mtoto unajengwa mimba nzima na miezi mitatu ya mwisho ndo unakua kwa kasi kubwa mno. Kwa hiyo hujachelewa. Natamani ningekushika mkono nikikwambia hili, hujachelewa.

Emumbwa umesema hujui kama ni muhimu. Ni muhimu sana. Najua wamama wetu wameitumia tangu zamani na najua ile hamu, udongo ukinusa mvua unatamani kuulamba. Lakini udongo unachukua kila kilichoko ardhini unapochimbwa, na ndani yake kunaweza kuwa na madini ya risasi na aseniki, hata Uingereza wenye mamlaka ya chakula waliwahi kuwaonya wajawazito kuhusu udongo wa kula unaotoka Afrika baada ya kuupima na kukuta risasi. Na risasi ina ujanja wake, inajifanya kalsiamu. Mwili unaipokea unaihifadhi kwenye mifupa na inakaa huko miaka 10, 20 na zaidi, halafu siku ukipata mimba mtoto anadai kalsiamu ya kujenga mifupa yake, mwili wako unakwangua mifupa yako kumpa, na risasi ya zamani inatoka pamoja. Hata ile uliyoipata ukiwa mtoto mdogo. Kwenye kondo risasi haizuiwi karibu kabisa, damu ya mtoto inakuwa na kiasi kinachokaribia cha mama. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kadmiamu nayo, metali nyingine ya sumu iliyo kwenye moshi wa sigara, yenyewe kondo linaikamata kweli, hapo mama mkwe apewe haki yake. Lakini inarundikana palepale getini kama lori zilizoharibika, na zinki ya mtoto haipiti vizuri, na mtoto anazaliwa mdogo. Kama mzee anavuta sigara avutie mbali na wewe.

Kwa hiyo emumbwa uache, na hiyo hamu uiseme kliniki, manake mara nyingi mwili ukitamani udongo ni damu imepungua, na mtu mwenye chuma kidogo mwilini anafyonza risasi na kadmiamu kwa wingi zaidi, mlango wa chuma ukikosa chuma unapokea chochote. Vidonge vya chuma na foliki unavyopewa kliniki vimeze kila siku, usivitupe juu vinaleta kichefuchefu. Kula maharage, mboga za majani kama dodo na nakati, ini ukipata, na chai usinywe pamoja na chakula, inazuia chuma kuingia. Mukene kula bila wasiwasi na ule na mifupa yake, ni kalsiamu tupu na ni samaki mdogo hajakusanya zebaki nyingi. Ngege pia ni mzuri. Yule sangara mkubwa mpunguze mpaka ujifungue, na samaki wa mto ule mnaooshea dhahabu msile kabisa nyumbani kwenu.

Maziwa yako mnyonyeshe. Ni kweli kiasi kidogo cha hizi metali kinapita kwenye maziwa, lakini kidogo kuliko kinachopita kwenye kondo, na mtoto asiponyonya huku kwetu kinachomngoja ni kuhara na maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji ya shaka. Labda upimwe ukutwe na kiasi kikubwa sana, hapo daktari ndo atasema. La muhimu ni kwamba ukimnyonyesha usiwe umerudi tena kwenye karai na moshi, na mtoto mwenyewe usimbebe mgongoni kwenda shimoni.

Kuhusu mzee. Sitaki kumtukana, ni baba anatafuta riziki na hofu yake ya wezi naielewa. Lakini yeye ndo anavuta mvuke mwingi kuliko wote hapo nyumbani, na mikono yake ikianza kutetemeka hataweza kushika hata sururu. Mwambie jioni akishakula, ukiwa umetulia, usimwambie "wewe unamuua mtoto". Mwambie kuna chombo kinaitwa ritoti, chungu cha chuma kilichofungwa chenye bomba, kidonge kinawekwa ndani, mvuke unapita kwenye bomba linalopozwa na maji unageuka tena zebaki inashuka kwenye chombo, anaitumia mara ya pili. Sasa hivi anachoma pesa yake inaenda hewani. Kikundi chao wanaweza kukinunua pamoja na kuchomea sehemu moja shimoni mchana, wakiwa wengi, hiyo pia inaondoa ile hofu ya kuonekana peke yenu. Na kuna wachimbaji Ufilipino wameacha zebaki kabisa, wanaosha vizuri zaidi halafu wanayeyusha na boraksi, aina ya chumvi nyeupe ya madini, dhahabu inatoka. Lakini hata akipata ritoti, si ndani ya nyumba na si mikononi mwako. Wewe kwenye kikundi chukua kazi ya kupika, kuchota maji, kuandika hesabu za magunia, mpaka huyu mtoto amalize kunyonya.

Na hiyo jikoni yenyewe, mvuke ukipoa unanata kwenye mabati, kuta, nguo na vyombo, jua likipiga unapanda tena. Kama mnalala humo hameni. Sigiri na kijiko cha kuchomea visiguse tena chakula, nunua sigiri nyingine hata ya kuukuu. Usifagie humo na ufagio mkavu, mtu mwingine asiye mjamzito apanguse na kitambaa cha maji. Nguo za kazi za mzee zivuliwe nje na zifuliwe peke yake.

Usinywe dawa yoyote ya "kusafisha damu" utakayouziwa sokoni, ziko zenye metali ndani yake na nyingine zinaleta uchungu kabla ya wakati. Na kama unapaka krimu ya kung'arisha ngozi, angalia, nyingi zimekutwa na zebaki, acha nayo.

Jirani yako usimwambie mtoto wake ana zebaki, hatujui, mtoto anaweza kuchelewa kwa sababu nyingi, pengine alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, pengine alipata manjano ya watoto wachanga. Lakini hajarogwa. Mwambie ampeleke hospitali mtoto aanze mazoezi ya viungo, kila mwezi anaongoja unamgharimu.

Wewe siku ya kliniki usiende tu kupimwa tumbo ukarudi. Mwambie mkunga hivi: "Nimeosha dhahabu na zebaki kwa miaka kadhaa, tunachomea ndani ya nyumba, nimekula udongo kila siku tangu mwezi wa pili wa mimba, naomba ipimwe damu na mkojo." Mkojo ndo unaonyesha zebaki ya mvuke, damu inaonyesha ile ya samaki na pia risasi. Kituo cha afya cha kawaida hawana hicho kipimo, omba barua ya rufaa, hospitali inaweza kupeleka sampuli kwenye maabara ya serikali Wandegeya kule Kampala. Ikichukua muda au pesa ikikosekana usikae kungoja majibu, kuacha kuvuta ndo tiba ya kwanza. Mwombe pia aangalie presha yako kila mara, risasi inapandisha presha ya mjamzito.

Na nenda na msichana wako. Ana miaka 3, amekuwa akilala na kucheza jikoni humohumo, na tangu nianze kusoma barua yako nilikuwa nangoja uniulize juu yake.

Shangazi